Nani Ampe Mwanafunzi Kibali cha Kusema?

Kila mfanyakazi aliyewahi kuitisha mkutano aijua kazi yenyewe. Kabla ya kupata msemaji, na kabla ya kupata wasikilizaji, hana budi kwanza kupata mahali. Na mahali pana mwenyewe. Mwenyewe huyo hukaa ofisini na muhuri wake, naye huuliza: Mkutano ni wa saa ngapi? Mwatazamia watu wangapi? Kipaza sauti kitakuwapo? Maswali hayo ni ya haki. Uwanja ni mmoja na wanaoutaka ni wengi, wala wasemaji wawili hawawezi kuhutubia mahali pamoja kwa wakati mmoja pasipo mmoja kumzima mwenzake. Lakini mara nyingi, maswali hayo yakiisha, lipo jingine linalofuata, nalo huulizwa kwa sauti ya chini: Mtasema nini?

Leo twataka kulizungumza swali hilo la mwisho kwa kukitazama chuo kimoja cha Marekani, nacho ni Chuo Kikuu cha California katika mji wa Berkeley. Mwaka 1964 chuo hicho kilitikisika tangu Septemba hata Desemba kwa ajili ya vibali vya meza, hotuba na michango, na mwisho walimu wake wakapiga kura juu ya jambo lile lile ambalo wenye mihuri hukutana nalo kila siku. Habari zake zimeandikwa siku kwa siku, hata msomaji aweza kuona ni wapi hasa mambo yalipoharibika.

Katika miaka ile mwanafunzi wa Berkeley hakuruhusiwa kufanya siasa ndani ya mipaka ya chuo. Mgeni akitakiwa kuja kuhutubia, taarifa ilipaswa kupelekwa saa 72 kabla, tena mwalimu wa cheo cha kudumu akubali kuwa mwenyekiti wa mkutano. Mwaka 1961 Malcolm X alinyimwa nafasi ya kusema chuoni, akasema katika jengo lililo jirani, nje ya mipaka. Basi wanafunzi walijitafutia upenyo. Mbele ya lango la kusini, pale barabara za Bancroft na Telegraph zinapokutana, palikuwa na kipande cha njia ya miguu kilichotandazwa matofali, kiasi cha futi 26 hivi. Hapo ndipo walipoweka meza zao, wakagawa makaratasi, wakachangisha fedha na kuandikisha wanachama. Kila mtu aliamini kuwa kipande kile ni mali ya mji, si ya chuo. Na kwa kuwa walikuwa watu wa kufuata sheria, walikwenda kwa wakuu wa mji kuomba vibali vya meza zao, wakapewa.

Kumbe kipande kile kilikuwa cha chuo. Mwaka 1959 wakuu wa chuo walikuwa wamekata shauri kuukabidhi mji ardhi ile, lakini makabidhiano yenyewe hayakufanyika. Kwa hiyo kwa muda wa miaka mitano wanafunzi walishika vibali halali kwa macho, vilivyotolewa na ofisi isiyokuwa na mamlaka ya kuvitoa. Hatujui kama yuko msomaji wetu asiyepata kukutana na jambo la namna hiyo. Karatasi ina sahihi, ina muhuri, ina tarehe. Kisha siku moja aambiwa kwamba aliyeitia sahihi hakuwa mwenye mali.

Siku hiyo kwa wanafunzi wa Berkeley ilikuwa tarehe 14 Septemba 1964. Mlezi wa wanafunzi, Bibi Katherine Towle, ambaye zamani alikuwa kanali na mkuu wa wanawake katika jeshi la Marine, aliandika barua kwa vyama vyote kuwaarifu kwamba kuanzia tarehe 21 Septemba meza, michango, uandikishaji na hotuba za kuvutia watu katika mambo ya nje ya chuo havitaruhusiwa tena mahali pale. Barua ilikuwa ya adabu. Walakini ilifika wakati mbaya kabisa, kwa maana wengi wa vijana waliorudi masomoni mwezi ule hawakuwa wametoka likizo ya kupumzika.

Baadhi yao walikuwa wamekaa Mississippi majira yale ya joto, wakiwasaidia Wamarekani Weusi kujiandikisha kupiga kura, katika jimbo ambalo mtu aliweza kuuawa kwa kosa hilo, na watatu katika kazi hiyo waliuawa mwezi wa Juni. Mario Savio, mwanafunzi wa falsafa aliyekuja kuwa msemaji wao mkuu, alikuwa mmoja wa waliokwenda huko. Miezi michache kabla, mwezi wa Machi, yeye na wengine wengi walikamatwa San Francisco kwa kukaa sakafuni katika hoteli ya Sheraton Palace, wakidai Weusi wapewe kazi zilizo bora kuliko za kufagia na kutandika vitanda. Lilikuwa jambo la kazi na ujira. Tena watu wa madai hayo waliandikishwa wapi? Kwenye meza zile zile za langoni. Mtu aliyekuwa akiomba dola moja kwa ajili ya Mississippi sasa aliambiwa kuwa aweza kusimama chuoni na kueleza habari za Mississippi, lakini asimwombe mtu kufanya neno lolote juu yake.

Twataka msomaji atulie kidogo hapo, kwa sababu ndipo penye kiini. Wakuu wa chuo hawakusema kuwa ni marufuku kusema. Walipobanwa walilegeza, wakaruhusu habari zitolewe, wakakataza kushawishi; baadaye wakalegeza tena, wakaruhusu kuunga mkono au kupinga wagombea na hoja zilizokuwa zikipigiwa kura. Kila walipolegeza ilibidi wachore mpaka mpya, na kila mpaka mpya ulidai awepo mtu wa kusimama mezani asikilize na kuamua: neno hili ni habari, neno hili ni ushawishi; huyu aeleza, huyu aita. Mlinzi wa lango akawa hakimu wa maneno. Hatuamini kwamba walikuwa watu wabaya. Rais wa chuo, Clark Kerr, alikuwa mtaalamu wa mambo ya wafanyakazi na waajiri, mpatanishi aliyesuluhisha migogoro mingi. Na mwaka mmoja tu kabla, wakati wake, chuo kilikuwa kimeondoa marufuku ya wasemaji Wakomunisti. Lakini hata mtu mwema akipewa kazi ya kupima maneno ya wenzake kabla hayajasemwa ataifanya vibaya, kwa maana kazi yenyewe haina kipimo.

Yaliyofuata yajulikana na wengi, nasi tutayapitia upesi. Tarehe 30 Septemba wanafunzi watano waliandikiwa mashtaka kwa kukaa mezani bila kibali. Mamia ya wenzao wakatia sahihi karatasi kusema kuwa nao wamefanya kosa hilo hilo, wakaenda pamoja hata jengo la utawala, Sproul Hall. Usiku ule wanafunzi wanane walisimamishwa masomo. Kesho yake, tarehe 1 Oktoba, polisi walimkamata Jack Weinberg, aliyekuwa amesoma hisabati chuoni hapo, akiwa kwenye meza ya chama cha CORE kilichopigania usawa wa Weusi. Walipomtia garini, wanafunzi waliketi chini, mbele na nyuma ya gari, nalo likashindwa kuondoka kwa saa 32, naye Weinberg ndani yake. Paa la gari likawa jukwaa. Savio alipotaka kupanda alivua viatu kwanza, asije akaliharibu. Wapo waliopanda kumpinga, nao walisikilizwa. Ulikuwa mkutano wa hadhara usioombewa kibali chochote, na watu walipokezana zamu ya kusema kwa utaratibu ambao ofisi nyingi za vibali zingeuonea wivu.

Mapatano yalifanywa jioni ya pili, kisha yakazorota kwa majadiliano ya kamati. Tarehe 20 Novemba wakuu wa chuo walitoa shauri: wanafunzi waweza kutumia viwanja vya chuo kupanga na kuchangia mambo ya nje yaliyo halali, lakini si yasiyo halali. Kwa mtazamo wa haraka mtu atasema, wadai nini zaidi? Nani atakiruhusu chuo kiwe mahali pa kupanga uvunjaji wa sheria? Lakini katika Mississippi, na katika sehemu nyingi za kusini, Mweusi kuketi kwenye meza ya chakula ya wazungu kulihesabiwa kuwa ni uvunjaji wa sheria. Kupanga kuketi pale ni halali au si halali? Jibu lilitegemea hakimu gani aulizwa, na wa mji gani. Mwanafunzi aliyejaza fomu asingeweza kulijua, wala karani aliyeipokea.

Tarehe 2 Desemba, baada ya Savio na wenzake kuandikiwa mashtaka mapya kwa mambo ya Oktoba, watu zaidi ya 1,000 waliingia Sproul Hall na kukaa. Gavana Edmund Brown aliamuru watolewe. Kazi hiyo ilianza alfajiri ya tarehe 3, ikaendelea saa nyingi, mtu mmoja mmoja akiburutwa ngazini, hata wakakamatwa watu karibu 800. Wanafunzi waliokuwa wakifundisha madarasa wakagoma. Na tarehe 8 Desemba baraza la walimu lilikutana, likapiga kura 824 kwa 115.

Yafaa azimio la kura ile lijulikane na kila mwenye muhuri. Walimu walisema kwamba saa, mahali na namna ya kufanya shughuli za siasa chuoni vyaweza kuwekewa taratibu za kiasi, ili kazi ya kawaida ya chuo isizuiwe. Lakini yaliyomo katika hotuba au ushawishi chuo kisiyazuie. Ni hayo tu. Hawakusema kwamba kila mtu apige kelele apendapo. Hawakufuta fomu. Walimwachia karani maswali yake yote isipokuwa moja. Mwezi wa Januari 1965 kaimu mkuu mpya, Martin Meyerson, aliweka kanuni za muda zilizofungua ngazi za Sproul Hall kwa hotuba saa zilizopangwa, na meza zikarudi.

Mahakama za Marekani nazo zilikuwa zimeifikia njia hiyo kwa upande wao, si kwa ajili ya vyuo bali kwa ajili ya barabara. Mwaka 1939 Mashahidi wa Yehova waliandamana kwenye njia za miguu za Manchester, New Hampshire, bila kuomba leseni, na 68 kati yao wakatiwa hatiani. Mwaka 1941 Mahakama Kuu iliwakatalia rufani, kwa kuwa leseni ile ilihusu saa na mahali tu, ili magari na watu wapishane. Twasema wazi kwamba twaona hukumu ile ni ya haki. Lakini tazama upande wa pili. Ijumaa Kuu ya mwaka 1963, katika mji wa Birmingham, Alabama, Mchungaji Fred Shuttlesworth aliongoza kundi la watu 52, wakitembea kwa utulivu bila kibali. Sheria ya mji ilikuwa yawaruhusu wakuu kukinyima kibali wakiona kwamba ustawi, adabu, utaratibu mwema au hata urahisi wa watu wadai hivyo, na Shuttlesworth alikuwa ameambiwa mapema na mkuu wa polisi kwamba kibali hatakipata kamwe. Alihukumiwa kifungo cha siku 90 na kazi ngumu, na siku 48 nyingine juu yake kwa kukosa kulipa faini. Hukumu hiyo ilifutwa tarehe 10 Machi 1969, Mahakama Kuu ikisema kwamba sheria ya vibali isiyo na vipimo finyu na vilivyo wazi haimfungi mtu. Ilimchukua karibu miaka sita kupata haki ya matembezi ya alasiri moja.

Yapo mambo katika njia hii ambayo hatuyapendi, na hatutayaficha. Mwaka 1992 mahakama hiyo hiyo ilihukumu kuwa wilaya ya Forsyth, Georgia, haiwezi kumwacha mkuu wake apange ada ya kibali kwa kukadiria jinsi maneno ya msemaji yatakavyowachukiza watu na polisi wangapi watahitajika. Waliofaidika na hukumu ile ni kundi lililotaka kupinga sikukuu ya Martin Luther King. Watu wale hatuna haja nao. Lakini fikiri kama ada ingepangwa kwa chuki ya watazamaji: Shuttlesworth angetozwa kiasi gani Birmingham? Gharama yenyewe ni ya kweli, tena kubwa. Septemba 2017 chuo hicho hicho cha Berkeley kilitumia yapata dola 600,000 kwa ulinzi wa hotuba moja ya Ben Shapiro, msemaji wa mrengo wa kulia. Fedha hizo zingeweza kuwasomesha vijana kadhaa wa wafanyakazi, nasi twaona uchungu kuziandika. Hata hivyo hatuoni ni nani angeweza kukabidhiwa mizani ya kuamua kuwa huyu astahili kulindwa na yule hastahili, pasipo mizani hiyo kugeuzwa kesho dhidi yetu.

Wala somo la 1964 halikukaa vichwani mwa wote. Katika Chuo Kikuu cha Indiana, mjini Bloomington, kiko kiwanja cha majani kiitwacho Dunn Meadow, ambacho tangu mwaka 1969 kilitengwa kwa mikutano na maandamano. Aprili 2024 wanafunzi walikusudia kupiga mahema hapo kwa ajili ya watu wa Gaza. Siku moja kabla, kamati ya chuo ilibadili kanuni ya miaka 55, ikaamuru kwamba mahema na vibanda vyote vipate kibali kwanza. Tarehe 25 Aprili polisi wa jimbo waliingia. Na hadi tarehe 27 watu zaidi ya 50 walikuwa wamekamatwa. Mwendesha mashtaka wa wilaya alikataa baadaye kuendelea na mashtaka ya kuingia pasipo ruhusa, akisema kwamba utaratibu uliofuatwa una mashaka kikatiba. Chuo chaweza kusema kuwa hema si hotuba, nasi twakiri kwamba hoja hiyo ina uzito, maana hema huchukua mahali pa wengine mchana na usiku. Lakini kanuni iliyoandikwa usiku, baada ya kujua nani atakuja asubuhi na kwa neno gani, haiwezi kuitwa kanuni ya mahali na saa. Ni jibu kwa swali la Mtasema nini, lililotolewa kabla halijaulizwa.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba twawacheka wenyeji wa mbali. Wazee wa Tanganyika wakumbuka mikutano ya hadhara iliyoombewa kibali kwa polisi wa mkoloni, na kwamba mwaka 1957 Mwalimu Nyerere alipigwa marufuku kuhutubia mikutano hiyo kwa miezi kadhaa, si kwa sababu uwanja ulikuwa umejaa. Na hata baada ya uhuru, Novemba 1970, chama cha wanafunzi cha USARF pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifutwa pamoja na gazeti lake, Cheche. Leo sheria ya Tanzania yamtaka mwenye kuitisha mkutano awape polisi taarifa saa 48 kabla, na sheria ya Kenya yataka taarifa siku zisizopungua tatu wala kuzidi kumi na nne. Neno lililoandikwa huko ni taarifa. Lakini sikiliza watu wazungumzavyo, mitaani hata maofisini: wote husema kibali. Mtu apelekaye taarifa amwambia mwenzake atakalolifanya. Mtu aombaye kibali angoja kuambiwa. Tofauti hiyo yaweza kupotea kwa mazoea tu, bila Bunge kubadili hata nukta moja.

Kwa hiyo twawaomba ndugu zetu walio katika ofisi za vyuo, ambao wengi wao ni wanachama na wafanyakazi kama sisi, waitazame tena ile fomu iliyo mezani. Kama ina nafasi ya kuandika saa, mahali, idadi ya watu na kipaza sauti, iachwe ilivyo. Kama ina siku ya mwisho ya kujibiwa, na jina la mtu wa kupelekewa rufani ombi likikataliwa, ni fomu njema. Kama ina mstari wa kuandika muhtasari wa hotuba, mstari huo ufutwe, hata kama haujapata kutumiwa kumnyima mtu. Maana mwanafunzi auonapo huanza kujihariri mwenyewe kabla hajafika dirishani.

Huko Berkeley ngazi za Sproul Hall zilipewa jina la Mario Savio mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mbele yake, katikati ya uwanja, tangu mwaka 1991 pana duara la jiwe lenye shimo dogo la udongo, na maandishi yasemayo kwamba udongo ule na hewa iliyo juu yake si mali ya nchi yoyote wala hauko chini ya mamlaka ya mtu. Ni ukumbusho wa mwaka 1964. Ulipoletwa, chuo kilikubali kuupokea kwa sharti kwamba tangazo lake lisitaje vuguvugu la wanafunzi wale.